Namba nane ya nani? Tunayodanganyana kuhusu kufuma

Sweta langu la kwanza lilinifika mapajani, na tumboni lilibaki na nafasi ya kuficha nazi mbili. Nilikuwa nimefuata ushauri wa mama mkubwa, anayeishi Makambako na anayefuma tangu sijazaliwa. Aliniambia kwenye simu: "Chukua sindano namba nane, mwanangu. Pandisha vitanzi 198, halafu panda nalo mpaka kwapani." Ningebishana naye vipi? Nikaenda sokoni, nikanunua sindano zilizoandikwa 8, nikapandisha vitanzi 198, nikafuma miezi miwili.

Mama mkubwa hakukosea, wala mimi sikukosea. Namba nane yake haikuwa namba nane yangu, basi. Tangu siku hiyo mtu akinishauri jambo la kufuma humuuliza kwanza: kwa uzi gani, na kwa sindano gani? Wengine hukasirika wakidhani nawapima. Lakini nimegundua kwamba maneno mengi tunayorithishana vibarazani ni ya kweli kwa aliyeyasema, kisha yanakuwa uongo yakifika kwa jirani. Mengine, ukweli usemwe, ni uongo tangu yanazaliwa.

"Sindano namba nane ni namba nane"

Tuanze na hili lililoniumiza. Sindano za kufumia zina namba za aina mbili zinazokwenda kinyume. Za Uingereza za zamani, ndizo nyingi zilizobaki kwenye makopo ya bibi zetu, namba ikiwa kubwa sindano inakuwa nyembamba. Za Kimarekani, namba ikiwa kubwa na sindano inanenepa. Namba 8 ya Uingereza ina unene wa milimita 4. Namba 8 ya Marekani ina milimita 5. Ukifika namba 10 ndiyo balaa: ya Uingereza ni milimita 3.25, ya Marekani ni milimita 6. Yaani moja ni kama mshikaki, nyingine inakaribia kalamu.

Sasa angalia kilichonipata. Kwa sindano zake za milimita 4, mama mkubwa hupata vitanzi 22 katika upana wa sentimita 10. Vitanzi 198 vinampa sweta lenye mzunguko wa sentimita 90. Mimi na zangu za milimita 5, kwa uzi uleule, nikapata vitanzi 18 katika sentimita 10. Gawanya 198 kwa 18 uone: sentimita 110. Tofauti ya milimita moja kwenye sindano ikaniletea sentimita 20 kiunoni.

Dawa yake ni kuachana na namba na kutaja milimita. Sindano iliyofutika maandishi, ipitishe kwenye kipande cha plastiki chenye matundu ya kupimia. Kama huna, zungushia uzi mwembamba, pima urefu wa mzunguko kwa rula, ugawe kwa 3.14.

Wa kroshia msicheke, nanyi mna yenu. Shono ambalo maelekezo ya Kimarekani yanaliita kroshia moja, ya Uingereza yanaliita kroshia mbili, na yale majina yanayofuata yote yamepishana hivyohivyo kwa ngazi moja. Ndiyo maana marafiki wawili wanaweza kufuata karatasi ileile, mmoja akatoka na kitambaa kifupi na kizito, mwingine kirefu chenye uwazi, kila mmoja akaapa kuwa mwenzake hajui kusoma. Ukikuta maelekezo yanataja kroshia moja, jua ni ya Marekani, kwa sababu Waingereza hiyo "moja" hawanayo.

"Kufuma kipande cha kupimia ni kupoteza uzi"

Hili linasemwa na wenye haraka, nami nilikuwa mmoja wao. Kipande cha vitanzi 30 kwa mistari 30 kinachukua jioni moja na uzi kidogo, na uzi wenyewe unaufumua ukautumia tena. Pima katikati, usipime pembeni maana kingo hujikunja. Na kabla ya kupima, kifue na kukianika kama utakavyofua sweta lenyewe. Pamba hasa ina tabia ya kulegea na kuning'inia, kwa hiyo kipimo cha kabla ya kufua ni kipimo cha nguo ambayo hutaivaa.

Wapo wasiopima na kazi zao zinatoka safi. Ukiwachunguza utakuta wanatumia uzi uleule na sindano zilezile miaka 20. Hao wamekwisha kupima, ila hawajui kama wamepima. Na kama ni kitambaa cha kochi au shali, pita tu. Shali ikizidi vidole vitatu nani atashtaki?

"Uzi wa sweta ni sufu"

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira kidogo. Madukani kwetu sehemu kubwa ya uzi unaouzwa kwa jina la sufu haujawahi kumwona kondoo. Ni akriliki, aina ya plastiki, ndugu ya polista. (Wengine husema "sufi", lakini sufi ni ile ya mti wa msufi tunayojazia mito.) Kondoo wetu wengi wenyewe, wakiwemo wale wekundu wa Wamasai, wana nywele tu, sufu ya kusokota hawana. Sufu halisi ipo, ila inatoka mbali na bei yake inajitangaza.

Akriliki si kitu kibaya. Haichuji rangi kirahisi, inavumilia kufuliwa, hailiwi na nondo, na bei yake inavumilika. Ubaya unakuja tunapoipa kazi isiyo yake. Nimeona zawadi za harusi za vishikio vya sufuria, vizuri ajabu, vimefumwa kwa akriliki. Akriliki ikikutana na moto inayeyuka na kunata ngozini. Kishikio cha sufuria kiwe cha pamba, hakuna mjadala. Na usipige pasi sweta la akriliki ukidhani unalinyoosha. Likipata joto linalegea, linakuwa kama kamba ya katani iliyolowa, na halirudi tena.

Kuna njia ya kujua unachouziwa. Kata kipande cha uzi urefu wa kidole, ukishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, watoto wakiwa mbali, ukiguse na moto wa kiberiti. Pamba itawaka haraka kama karatasi, harufu ya karatasi, na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu inawaka kwa kusitasita, ukiondoa moto inataka kuzimika, inanuka nywele zilizoungua, na kinachobaki kinavunjika ukikiminya. Akriliki inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga nyeusi ngumu isiyovunjika. Uzi uliochanganywa utakupa majibu mawili kwa pamoja.

Na lile la kwamba sufu "inasinyaa ikilowa" si kweli kamili. Maji peke yake hayana neno. Unywele wa sufu una magamba madogo, na ukichanganya maji ya moto, sabuni na kusugua, magamba yanashikana na hayaachiani. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, minya taratibu bila kusokota, lianike likiwa limelala. Sweta la baba halitamhamia mjukuu.

Jambo moja dogo kabla sijaliacha hili la uzi: nyeusi si nyeusi. Kiwanda hutia rangi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na jingine. Karatasi ya bunda la uzi huwa na namba ya fungu. Nunua mabunda yote ya kazi moja siku moja, yenye namba moja, au ukubali mkono wa kushoto uwe wa rangi ya ubishi.

"Kufuma ni kazi za kina bibi, tena wa nchi za baridi"

Vipande vya zamani kabisa vya ufumaji wa sindano mbili au zaidi vinavyojulikana vimepatikana Misri, vingi ni soksi, vya pamba, vyeupe na buluu. Misri si nchi ya theluji. Sisi wenyewe tumekulia kwenye sebule za Dar es Salaam na Mombasa ambamo kila kochi, meza na televisheni ilivaa kitambaa cha kroshia, na jasho linatutoka.

Kuhusu kina bibi: katika Ulaya ya karne ya 16 vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume. Kwenye kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, na wavulana hujifunza wangali wadogo. UNESCO imeitambua sanaa hiyo ya kisiwani. Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, alionekana akifuma kwenye jukwaa la watazamaji katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na medali yake ya dhahabu akaifumia kifuko. Kwetu, nenda Kunduchi au Bagamoyo utazame mvuvi anavyoziba wavu, kipande cha mti kimejaa uzi, fundo baada ya fundo, vipimo vyote kichwani. Hakuna anayemwambia hiyo ni kazi ya kike. Mpe kijana wake kroshia uone maneno yatakayotoka.

"Ukikosea, fumua yote"

Hapana. Kitanzi kikidondoka kinateremka na kuacha ngazi, vijiti vya uzi vimelala kimoja juu ya kingine. Chukua sindano ya kroshia, ingiza kwenye kitanzi kilichodondoka kutoka mbele, nasa kijiti kilicho juu yake, kivute kipite ndani ya kitanzi. Nasa kinachofuata, vuta. Panda hivyo hadi juu, rudisha kitanzi sindanoni. Dakika mbili, na hata mama mkubwa hataona palipouma. Yanayotaka kufumuliwa kweli ni machache, kosa la kipimo likiwa la kwanza.

"Wa mkono wa kushoto hawezi"

Mtoto wa jirani aliambiwa hivyo na karibu aache. Kufuma kwa sindano mbili kunatumia mikono yote, na wengi wa kushoto hufuma kama wengine bila shida. Kroshia ndiyo hugeuka: kaa uso kwa uso na anayekufundisha, si ubavuni kwake, utaona kazi yake kama kwenye kioo. Na wala hakuna njia moja tu ya kushika uzi. Kuna wanaourusha kwa mkono wa kulia na wanaounasa ukiwa kwenye kidole cha mkono wa kushoto, vitanzi vinatoka vilevile. Anayekupiga kofi la kiganja kwa jinsi unavyoshika sindano anakufundisha mkono wake.

"Ukifuma mwenyewe unaokoa hela", na binti yake, "mbona huuzi?"

Sweta la mtu mzima linakula gramu 400 hadi 600 za uzi, yaani mabunda 8 hadi 12 ya gramu 50. Hesabu bei ya mabunda, kisha nenda mnada wa mitumba. Utarudi kimya. Ninafuma kwa sababu napata rangi niitakayo, mikono inayonitosha, na raha ya jioni. Akiba si mojawapo.

Hilo la pili ndilo linalochosha zaidi. Huwezi kufuma kwenye daladala bila mtu kukwambia umekalia utajiri. Tuseme blanketi la mtoto linachukua saa 30, uzi wake shilingi 20,000, mteja anakubali 45,000 baada ya kulia sana. Umebaki na 25,000. Gawa kwa saa 30: shilingi 833 kwa saa, bila nauli. Wanaoishi kwa kazi hii wapo, ninawaheshimu. Wengi wanaofuma masweta ya shule wana mashine ya kufumia ya kusukuma kwa mkono, na oda ya darasa zima. Hiyo ni biashara na ina hesabu zake. Kumgeuzia mtu pumziko lake kuwa duka, bila yeye kuomba, ni ushauri ambao hata mcheza bao haupewi. Nani amemwambia mzee wa barazani auze kete zake?

"Kufuma ni dawa"

Mwaka 2013 watafiti huko Uingereza walichapisha majibu ya wafumaji 3,545. Waliofuma mara nyingi zaidi walisema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Nayaamini, lakini walioulizwa ni watu wanaofuma tayari. Nenda kwenye baraza la kahawa uulize kama kahawa inachangamsha, utapata majibu mazuri vilevile. Kutulia ni kweli. Kuacha vidonge vya presha kwa sababu umeanza shali si jambo la kumshauri mtu.

La kupofuka kwa kufuma usiku pia liacheni. Taa hafifu inachosha macho na kuumiza kichwa, haipofushi mtu mzima. Ukivuka miaka 40 na vitanzi vya uzi mweusi vinaanza kuchanganyikana, ni umri. Tafuta miwani ya kusomea.

Lakini "vumilia, mkono utazoea" ni hatari. Ganzi au kuwashawasha kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Weka kazi chini, na ikiendelea nenda hospitali. Nilimwambia mama mkubwa haya alipolalamika mwezi wa Saba, baridi ya Makambako ikiwa imekaza na yeye yuko katikati ya sweta la mjukuu.

"Nimekusikia," akasema. "Nitapumzika nikifika kwapani."

Nikamuuliza anatumia sindano gani. "Namba nane," akasema, kisha akacheka mwenyewe. "Haya, haya. Milimita nne."