Pikapu ya dizeli ya kuvuta trela: gia za mkono au otomatiki? Fuata joto

Mtu akiniuliza achague gia za mkono au otomatiki kwenye pikapu ya dizeli ya kuvuta trela zito, mara nyingi anakuwa tayari amejiandaa kubishana kuhusu ulaji wa mafuta na nguvu ya injini. Mimi kazi yangu ni giaboksi, na kinachoziua kwenye magari ya kuvuta ni joto. Ndiyo maana humuuliza kwanza: hilo trela utaliondoa ukiwa wapi, na utalirudisha rivasi wapi? Barabara kuu iliyonyooka haina shida. Gari likishashika mwendo, aina zote mbili zinafanya kazi vizuri. Tofauti inaonekana kwenye mita chache za mwanzo.

Chukua pikapu na trela lake, jumla tani 9, limesimama kwenye mlima wa asilimia 10. Gia namba moja na difu kwa pamoja hupunguza mzunguko kama mara 22. Ili gari lisirudi nyuma tu, bado hata halijapanda, klachi lazima ibebe takriban nyutoni-mita 160. Ukilishikilia kwa nusu klachi injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, unazalisha zaidi ya kilowati 13 za joto. Ni sawa na kuchemsha birika sita za umeme kwa pamoja, tena kwenye nafasi iliyofunikwa, kati ya pleti kavu na uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini. Hakuna mafuta yanayopita pale kuliondoa joto hilo. Linabaki kwenye chuma.

Klachi iliyoteswa namna hiyo ukiifungua unaijua mara moja. Flaiwili ina madoa ya bluu na nyufa nyembamba zilizojipanga kuelekea katikati, pleti imeng'aa badala ya kuwa na uso mkavu wa kushika, na harufu yake haitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja. Mwenye gari hukwambia hajawahi kuendesha vibaya. Mara nyingi anasema kweli, kwa sababu kilichoimaliza klachi ni kurudi rivasi.

Rivasi ya giaboksi nyingi za mkono inakaribiana na gia namba moja. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 750, klachi imeachiwa kabisa, gari litarudi nyuma kwa kama kilomita 5 kwa saa. Kwa anayetembea kwa miguu huo ni mwendo wa kawaida. Kwa anayejaribu kuingiza trela kwenye uwazi mwembamba ni kasi kubwa mno, kwa hiyo anaitelezesha klachi, dakika baada ya dakika. Kama pikapu yako ni ya magurudumu manne, tumia gia nzito, ile inayopunguza mwendo kama mara 2.7 zaidi. Hapo unaachia klachi yote na gari linarudi kwa chini ya kilomita 2 kwa saa bila kuunguza kitu. Ila fanya hivyo kwenye udongo au changarawe. Kwenye lami kavu usikate usukani sana huku ekseli zote mbili zimeunganishwa, maana utaisumbua mifumo yote ya kuendesha magurudumu.

Otomatiki nayo inazalisha joto, tena jingi. Tofauti ni kwamba joto lake linazaliwa ndani ya mafuta, na mafuta yanazunguka hadi kwenye kipoza chake. Toki konvata, kifaa cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi badala ya klachi, pia huzidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka, kisha mwendo ukipanda inajifunga, injini na giaboksi zinazunguka pamoja, na joto linashuka. Hatari iko kwenye mlima mrefu unaopandwa polepole konvata ikiwa haijafunga. Hapo geji ya joto la mafuta ya giaboksi inapanda haraka, na dereva asiyejua anakanyaga zaidi. Dawa ni kushusha gia ili injini izunguke zaidi na konvata ifunge. Mimi hutaka kuona nyuzi 80 hadi 95. Ikivuka 120, tafuta mahali salama usimame, vuta breki ya mkono, weka nyutro, acha injini izunguke kama mizunguko 1,000 mpaka geji ishuke. Nasema nyutro kwa makusudi: kwenye baadhi ya otomatiki za zamani, mafuta hayapiti kwenye konvata ukiwa umeweka P, ile ya kuegesha.

Kuna madereva wa zamani wanaoapa kwamba dizeli ya kuvuta lazima iwe ya gia za mkono. Wana sababu. Mwaka 2001 injini ya Cummins yenye nguvu zaidi kwenye pikapu za Dodge, futi-pauni 505 za toki (nguvu ya kuzungusha), iliuzwa na giaboksi ya mkono ya gia sita tu. Aliyetaka otomatiki alipewa 460, kwa kuwa otomatiki ya wakati ule isingestahimili zaidi. Mambo yakageuka. Mwaka 2018, kwenye Ram, jina ambalo pikapu hizo za Dodge zilikuwa zimepewa, gia za mkono zilipewa 660 na otomatiki ya Aisin ikapewa hadi 930. Huo ndio ukawa mwaka wa mwisho wa gia za mkono kwenye pikapu hizo. General Motors walikuwa wameziacha kwenye dizeli zao tangu 2006, Ford tangu 2010. Kwa hiyo ushauri uliokuwa sahihi kwa gari la 2001 unaweza kukupoteza kwenye gari la 2018.

Mteremko nao unahitaji kufikiriwa. Dizeli ya kawaida haina mlango wa kubana hewa inayoingia, hivyo ukiondoa mguu haikushikii sana. Kinachoshika ni breki ya ekzosi, ile inayobana moshi unaotoka kwenye injini. Kwenye gia za mkono gia uliyochagua inabaki hapo hapo, na hilo napenda. Lakini ukikosea kushusha gia katikati ya mteremko, ukabaki nyutro na tani 9 zinakusukuma, breki za magurudumu ndizo pekee ulizobaki nazo. Otomatiki mpya ikiwekwa kwenye hali ya kuvuta hushikilia konvata ikiwa imefunga na kushusha gia yenyewe unapokanyaga breki. Nyingi za zamani hufungua konvata mara tu unapoondoa mguu, na breki ya ekzosi inapoteza kazi yake. Kwenye milima, hilo kwangu linatosha kulikataa gari.

Kwa trela zito na gari la miaka ya karibuni, nachagua otomatiki bila kusita. Kwa gari la kabla ya 2003 nachagua gia za mkono. Kwa trela jepesi, njia mbovu na dereva anayeijua klachi yake, gia za mkono bado ni chaguo zuri, maana kubadilisha klachi ni rahisi mara kadhaa kuliko kuifungua otomatiki nzima.

Ukienda kukagua gari lililotumika, otomatiki yenye kijiti cha kupimia chomoa ufute mafuta kwenye karatasi nyeupe: kahawia yenye harufu ya kuungua, ondoka. Kwa gia za mkono, weka gia ya juu ukiwa kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda lakini gari halisogei kwa kasi hiyo, klachi imekwisha. Kisha zima, washa tena, usikilize sailensa ukikanyaga na kuachia klachi. Ikigonga-gonga, flaiwili ya vipande viwili imelegea, na hiyo bei yake lazima uitoe kwenye bei ya gari kabla hujakubaliana.