Dayodi Ikifa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sabufa ililetwa mezani kwangu ikiwa na kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Fyuzi tatu zilishakatika, ya nne mwenyewe akaona hasara. Transfoma ilikuwa imeanza kunuka. Lakini dayodi nne za briji (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na briji ni nne zilizounganishwa kugeuza umeme wa AC kuwa DC) ziling'aa, na mwenyewe akasema lile ninalolisikia kila mara: "Fundi, hizo hazijaungua, si unaona zilivyo safi?"

Moja ilikuwa imeshoti. Kinachokufa ni kile kipande cha silikoni ndani, kidogo kuliko punje ya mchele. Kikiyeyuka hata sehemu ndogo tu, umeme unapita kwenda na kurudi, na gamba la nje linabaki vilevile. Dayodi iliyopasuka na kuacha masizi kwenye bodi kwa kawaida ilishakufa kabla, umeme ukaendelea kuipitia.

Ndiyo maana si kweli kwamba dayodi hukata tu kama bulbu. Mara nyingi huanza kwa kushoti, kisha mkondo ukizidi ndipo kiungo cha ndani kinayeyuka na kukata. Kwenye briji, iliyoshoti hula fyuzi. Iliyokata unaisikia kwa sikio: sabufa inapiga, ila mvumo wa hezi 100 umegeuka wa hezi 50, mzito zaidi, na besi ikigonga sauti inazama.

"Nimepima kwa mita, ni nzima." Hapa ndipo muda wa mafundi wengi unapoishia.

Kwanza, umepimia wapi? Kwenye briji ambayo bado imeunganishwa na transfoma, dayodi mbili zinazokutana upande wa chanya zimeunganishwa pia upande wa pili, kupitia waya wa transfoma wenye omu chache tu. Kwa mita, hizo ni dayodi moja. Ikishoti moja, zote mbili zinapiga bipu, unanunua mbili bure. Ikikata moja, jirani yake anaijibia: mita kwenye kipimo cha dayodi inaonyesha 550 (milivolti) safi kabisa, nawe unahamia kwenye kapasita kutafuta kosa lisilokuwepo. Chomoa mguu mmoja ndipo upime.

Pili, mita inaipa dayodi volti mbili au tatu na mkondo mdogo mno. Kwenye chaja inayoingiza umeme wa volti 230, dayodi hiyo hiyo inatakiwa kuzuia kilele cha volti 325 hivi. Ni kama kupima nguvu ya mpagazi kwa kumbebesha kikombe. Zipo zinazovuja zikipata moto tu, maana uvujaji huongezeka takribani mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Chaja inafanya kazi dakika kumi, inazima, ikipoa inawaka tena. Dayodi ya silikoni ya kawaida ukiichomoa, ipime kinyume kwenye kipimo cha megaomu huku ukiipasha moto kidogo kwa kichomeo cha risasi. Nzima haishuki kirahisi. Mbovu namba zinaporomoka ukitazama.

Lipo na kosa la upande wa pili, la kutupa kilicho kizima. Dayodi aina ya Schottky, inayopitisha umeme kwa volti ndogo zaidi, ikisoma 200 haijashoti, ndivyo ilivyoumbwa. Ya silikoni ndiyo inayotakiwa kusoma kati ya 500 na 700.

"Weka 1N4007 (dayodi ya kawaida ya silikoni), inakubali kila mahali." Volti 1000 inabeba, ni kweli. Ila imetengenezwa kwa umeme wa hezi 50. Upande wa pili wa chaja za kisasa umeme unageuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na 1N4007 inachelewa kufunga mlango. Inachemka, inakufa, mteja anarudi kesho. Weka ya haraka kama UF4007 ikiwa ampea zake zinatosha, au Schottky kama ndiyo iliyokuwepo.

Na paneli ya sola ina dayodi, ingawa wengi hawajawahi kufungua kile kiboksi cha nyuma. Yenye seli 60 kwa kawaida ina tatu, kila moja kwa theluthi ya seli. Moja ikishoti, volti 37 zinabaki kama 25, na muuzaji anakuambia paneli imezeeka. Ikikata, kwenye jua kali hutaona tofauti yoyote. Kivuli cha tawi kikianguka ndipo seli zilizofunikwa zinaanza kuchemka. Ijaribu ikiwa inalisha mzigo: funika kwa boksi seli kadhaa za theluthi moja. Umeme ukipungua kwa theluthi hivi, dayodi ya sehemu hiyo inafanya kazi. Ukikaribia kuisha kabisa, fungua kile kiboksi.