Inzi weupe wa pamba huongezwa na bomba

Mkulima akinionyesha pamba iliyojaa inzi weupe, humuuliza kwanza alipiga dawa gani wiki tatu au nne zilizopita. Wengi hushangaa, maana wamekuja kuuliza wapige nini leo.

Mdudu huyu, Bemisia tabaci, kwa kweli si inzi hata kidogo. Ni ndugu wa wadudu mafuta na chawajani, anayefyonza utomvu wa jani. Akiwa mkubwa ana urefu wa milimita moja hivi, na mabawa yake yamefunikwa na unga wa nta. Jike hutaga mayai yake chini ya jani, na anaweza kuzidisha mia maishani mwake. Kinda akianguliwa hutembea kidogo, kisha huganda mahali pamoja akifyonza mpaka anapokuwa mkubwa. Kwenye joto, safari hiyo yote kutoka yai huchukua wiki tatu tu.

Sasa fikiria mtu anapita na bomba mgongoni akilowesha majani kwa juu. Makinda wamejibanza chini, na mayai hayadhuriwi na dawa nyingi tunazotumia. Wanaokufa ni wakubwa wachache waliorushwa na kelele, pamoja na nyigu wadogo mno wa jamii ya Encarsia na Eretmocerus, ambao huzaliana kwa kuwala makinda wa inzi weupe wakiwa hai. Mayai ya inzi yakianguliwa, nyigu hawapo tena. Ndiyo sababu ya swali langu la wiki tatu.

Asiyeamini aangalie yaliyotokea Gezira, Sudan, kwenye mashamba makubwa ya umwagiliaji kati ya Nile ya Buluu na Nile Nyeupe. Katika miaka ya 1950 pamba ya huko ilikuwa ikipigwa dawa mara moja au mbili kwa msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekaribia mara tisa, nyingi zikiwa mchanganyiko wenye DDT, sumu ya zamani inayoua wadudu wa kila aina, uliolenga chawajani na funza wanaotoboa vitumba vya pamba. Inzi mweupe, ambaye zamani hakuwa tishio la kwanza, akawa ndiye mdudu mkuu wa pamba. Majimaji matamu anayoyatoa yalidondokea pamba iliyokwisha kupasuka, nyuzi zikanata kwenye mashine za kusokota, na pamba ya Sudan ikapata jina baya sokoni. Wataalamu wa huko waliposhirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, moja ya hatua walizochukua ilikuwa kuwavumilia wadudu zaidi: kiwango cha kuanza kupiga dawa kikapandishwa kutoka inzi 200 kwa majani 100 hadi 600. Idadi ya mapigo ikashuka, mavuno hayakuporomoka. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko dawa yoyote mpya.

Upande wa virusi ndio unaowachanganya watu zaidi. Ugonjwa wa kujikunja majani ya pamba huletwa na virusi vya jamii ya begomovirusi. Inzi akifyonza mmea mgonjwa, kirusi hupita kwenye utumbo wake, huingia kwenye damu na kufika kwenye mate. Baada ya hapo hukibeba kwa siku nyingi, mara nyingi maisha yake yote. Mmea usio na ugonjwa huhitaji kufyonzwa kwa dakika chache tu ili uambukizwe. Dawa inayoua baada ya saa kadhaa imechelewa, hasa kama inzi wanaruka kutoka shamba la jirani ambalo hukulipiga. Mishipa ya jani huvimba, jani hujikunja juu au chini, na wakati mwingine kwa chini huota jani jingine dogo lenye umbo la kikombe. Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga ndio unaopoteza mavuno.

Sudan waliukuta ugonjwa huu tangu miaka ya 1920. Walioutuliza walifanya mambo mawili yasiyo na harufu ya dawa: walichagua mbegu zenye ukinzani, na wakaanza kung'oa visiki vya pamba badala ya kuvikata, kwa kuwa kisiki kilichochipua kilikuwa kikitunza kirusi mpaka msimu unaofuata.

Lakini ukinzani wa mbegu nao una mwisho wake. Pakistan, ugonjwa ulionekana karibu na Multan mwaka 1967, ukakaa kimya kwa miaka mingi, kisha ukalipuka mwishoni mwa miaka ya 1980. Mavuno ya nchi yalishuka kutoka marobota yapata milioni 12.8 msimu wa 1991/92 hadi milioni 8 hivi miaka miwili baadaye. Zikaja mbegu kinzani, watu wakapumua. Mwaka 2001, eneo la Burewala, aina mpya ya kirusi ikaziambukiza zote.

Kwetu Kanda ya Ziwa, kung'oa na kuchoma masalia kabla ya Septemba 15 kuliwekwa kwa ajili ya funza, na wengi hukufanya nusu nusu kwa kuogopa faini tu. Ningependa kufanywe vizuri, kwa sababu hiyohiyo ya visiki vya Gezira. Bamia nayo isikae kandokando ya pamba: kirusi cha pamba cha Gezira huishi humo vizuri kabisa. Tuna tatizo jingine tulilorithi. Mbegu za Ukiriguru, kituo chetu cha utafiti wa kilimo, zilichaguliwa ziwe na majani yenye manyoya ili kumzuia chawajani, na manyoya hayo ndiyo anayoyapenda inzi mweupe. Siwezi kushauri tuyaache, chawajani angetumaliza. Nashauri tusimwongezee inzi nafasi kwa kuzidisha mbolea ya naitrojeni na kubananisha mimea.

Kagua asubuhi na mapema, inzi wakiwa bado wazito, na ugeuze jani taratibu. Makinda weusi, au wenye tundu la duara mgongoni, wametumiwa na nyigu. Ukiwaona wengi, liweke bomba chini. Epuka pairethroidi, kundi la dawa zinazoua wadudu wengi kwa pamoja, mwanzoni mwa msimu ikiwa funza hawajafikia kiwango. Ikibidi kupiga kwa ajili ya inzi, dawa zinazozuia makinda kukua, kama buprofezini na piriproksifeni, huwaacha nyigu wengi wakiwa hai kuliko zile zinazoua kila kitu, ila usirudie kundi moja la dawa mfululizo. Elekeza mdomo wa bomba kutoka chini kwenda juu. Kazi hiyo inachosha mkono, na vijana wa kibarua hawaipendi, kwa hiyo uwepo shambani siku hiyo.