Arizona: Kupigia Kura Vituo vya Ufundi, Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Familia za Wakongo na Warundi zilizohamia Phoenix na Tucson huanza kusikia habari za vituo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo wapigakura huamua kama wilaya yao ya shule ijiunge navyo, mtoto akishafika sekondari. Mengi yanayosemwa mitaani hayako hivyo.

Dhana: Wilaya yetu ya shule (eneo lenye bodi inayoendesha shule za umma) ikijiunga, imemezwa.
Ukweli: Inabaki na bodi yake na walimu wake. Kinachoundwa ni wilaya ya pili, ya ufundi tu, inayokusanya wilaya kadhaa na yenye bodi ya kuchaguliwa na wananchi. EVIT, wilaya ya ufundi ya mji wa Mesa karibu na Phoenix, ilianza hivyo kwa kura ya 1990; Kaunti ya Pima, uliko mji wa Tucson, ikafuata Novemba 2006. Mwanafunzi husoma hesabu na Kiingereza shuleni kwake nusu siku, nusu nyingine yuko karakana akichomelea vyuma au anajifunza uuguzi msaidizi. Cheti cha sekondari hupewa na shule yake ileile.

Dhana: Kodi itatumaliza.
Ukweli: Kodi ya wilaya hii ya ufundi sheria imeiwekea kikomo cha senti 5 kwa kila dola 100 za thamani inayotozwa kodi, na kwa nyumba unayoishi mwenyewe thamani hiyo ni asilimia 10 tu ya thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 200,000 katika vitabu vya kodi hutozwa kwa dola 20,000: yaani dola 10 kwa mwaka.

Dhana: Tukishasema ndiyo, fedha ni za uhakika.
Ukweli: Hapa ndipo pa kuwa macho, kuliko hata kwenye kodi. Fedha nyingi hutoka serikali ya jimbo. Mwaka 2015 bunge la Arizona lilipitisha punguzo la takriban dola milioni 30. Wazazi na waajiri walipiga kelele, na Februari 2016 gavana Doug Ducey akasaini sheria ya kurudisha milioni 28. Kukata na kurudisha, kote huko mpigakura hakuulizwa.

Dhana: Si kama VETA tu, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania?
Ukweli: VETA ni mamlaka ya taifa, na hutegemea tozo ya waajiri. Huku mwenye nyumba huchangia kwa kodi, na mpigakura ndiye anayeulizwa kwanza kama wilaya iundwe.

Dhana: Asiye raia hayamhusu.
Ukweli: Kura hana, kweli. Mtoto wake wa sekondari hudahiliwa kama wenzake bila ada ya masomo, ingawa sare na baadhi ya vifaa huweza kulipiwa. Pa kuanzia ni kwa mshauri wa wanafunzi shuleni kwake.