Je, wajua kwa nini jino halisahau maji ya utotoni?

Mama lishe mmoja wa Kariakoo alinijua kabla sijamaliza kuagiza. Alitoa utani wake, nikacheka, akaniangalia mdomoni na kuuliza, "Kaka, wewe wa Arusha, eti?" Sikuwa nimetaja kwetu, na lafudhi yangu ilishamezwa na Dar siku nyingi. Alichokiona ni meno ya kahawia. Nimekulia chini ya Mlima Meru, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Juu ya hayo, nyumbani tulitia magadi kwenye makande, na magadi nayo yana floraidi yake. Huu ni mwaka wa ishirini na kitu nakunywa maji ya Ruvu, lakini meno yangu bado yanasimulia Meru.

Cha ajabu, mtu akihamia Arusha akiwa na miaka ishirini na tano, akanywa maji yale yale miaka kumi, anarudi Dar na meno yake meupe pe. Kwa nini mimi niumbuke na yeye apone?

Jibu liko kwenye enameli, lile ganda gumu linalong'aa juu ya jino. Enameli hujengwa mara moja tu. Gego la kwanza huanza kujengwa mtoto anapokaribia kuzaliwa, na sehemu yake ya juu hukamilika akiwa na miaka mitatu hivi. La mwisho, lile linalotusumbua ukubwani, hujengwa kuanzia miaka minane hivi hadi ujanani. Kazi ikiisha, seli zilizoijenga enameli hufa, wala haziji nyingine kukarabati. Mfupa ni tofauti, unavunjwa na kujengwa upya maisha yote. Kwa hiyo kilichoingia kwenye enameli utotoni, kiwe cha maji au cha chakula, kimefungiwa humo.

Na kinabaki humo hata baada ya kifo. Enameli ni madini kwa zaidi ya asilimia 95, fuwele zilizobanana. Mfupa ukizikwa hunywa maji ya udongo kama andazi kwenye chai, na baada ya miaka mingi huwezi kujua kipi ni cha marehemu na kipi ni cha kaburi. Enameli haikubali kirahisi. Ndiyo maana wanasayansi wanaotaka kujua zamadamu, yaani watu wa kale na jamaa zao wa mbali, waliishi kwenye mazingira gani huenda moja kwa moja kwenye meno. Wanafanya alichofanya mama lishe, ila yeye alisoma rangi na wao wanasoma kemia.

Mfano mzuri kuliko yote tunao hapa hapa mjini. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiko linakohifadhiwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, au Zinj kama wengi tunavyomwita. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959, likiwa vipande vipande. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.8. Mwaka 1965 lilikabidhiwa kwa Mwalimu Nyerere, na tangu hapo makazi yake ni Dar.

Ukimtazama Zinj usoni, kinachokugonga ni magego. Ni mapana, yana enameli nene, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ambapo misuli ya taya ilijishikiza. Waliomwona mwanzoni wakasema huyu alikuwa akivunja vitu vigumu, kokwa na njugu. Jina la utani alilopewa kwa Kiingereza, kwa lugha ya wenzetu wa Mtwara, lingekuwa Mbangua Korosho. Likamganda kwa karibu miaka hamsini.

Kisha wakaja watu na kekee. Kazi yenyewe ni ya kutia hofu. Kifaa ni kama kile cha daktari wa meno, chenye ncha ndogo ya almasi, na mtafiti hutafuta ukingo ambao tayari umevunjika ili asiharibu sura ya jino. Anakwangua taratibu, unga mweupe unadondokea kwenye karatasi safi. Unga unaohitajika ni miligramu chache tu, pungufu ya robo ya punje moja ya mchele. Unaoshwa kwa kemikali laini kuondoa uchafu wa udongoni, kisha unatiwa asidi. Unatoa gesi ya kaboni dioksidi, nayo inaingizwa kwenye mashine inayotenganisha chembe zake kwa uzito.

Uzito ndio siri. Kaboni si ya aina moja. Katika kila atomu 100, karibu 99 ni kaboni-12, na moja hivi ni kaboni-13, nzito kidogo. Miti, vichaka na mimea mingi ya baridi inapovuta hewa huipendelea ile nyepesi na kuiacha nzito nje. Nyasi za nchi za joto zina ufundi mwingine: hunasa gesi kwanza ndani ya jani, kisha ndipo zitengeneze sukari, kwa hiyo hazina nafasi ya kuchagua sana. Matokeo yake nyasi zina kaboni nzito zaidi kuliko miti, na anayekula nyasi naye anakuwa nayo, hadi kwenye meno.

Rudi kwa mama lishe uone. Wali, maharage, muhogo, kisamvu, matembele, ndizi na chapati ya ngano, vyote ni kundi la miti. Ugali wa mahindi, mtama, uwele na sukari ya miwa ni kundi la nyasi. Na mchicha? Wengi wangeuweka na matembele, maana sokoni vinauzwa meza moja. Kikemia mchicha uko upande wa ugali. Nanasi na mkonge vina njia yao ya tatu, hao ni wasumbufu wa maabara. Na hata jina Oldupai limetokana na neno la Kimaasai la mmea wa porini unaofanana na mkonge, ambao nao ni wa njia hiyo hiyo ya tatu.

Kwenye vipimo, ambavyo huonyesha kaboni nzito imezidi au imepungua kiasi gani kulinganisha na kiwango maalumu, jino la mnyama anayekula majani ya miti, kama twiga, husoma karibu na -12 kwa elfu. La mnyama wa nyasi, kama pundamilia, husoma karibu na 0 au zaidi kidogo. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Marion Bamford na Fidelis Masao, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya meno ya zamadamu wa Tanzania. Jamii ya Zinj ilitoka karibu na -1. Yaani takriban asilimia 80 ya mlo wake ilitoka kundi la nyasi. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake wakapima watu 22 wa jamii hiyo kutoka Kenya, wakapata wastani wa asilimia 77. Njugu na kokwa ni za miti. Mbangua Korosho hakuwa akibangua chochote cha maana. Alikuwa kama anayetafuna nyasi siku nzima kama ng'ombe. Hata mikwaruzo midogo kwenye uso wa magego ya jamii yake, inayoonekana kwa darubini, haikuonyesha alama za kuvunja vitu vigumu.

Mimi hapa nakiri nilifurahi. Umbo la taya lilikuwa limetudanganya sote, na unga usiojaza kijiko ndio uliosema kweli.

Ila kemia nayo haitaji jina la mboga. Inasema "kundi la nyasi" na kunyamaza. Mafunjo yanayoota kwenye maji yako kundi hilo hilo, na watafiti wa 2008 waliyataja kama chakula kinachowezekana, kwa sababu Oldupai ya wakati ule ilikuwa na ziwa la magadi na sehemu zenye maji baridi pembeni yake. Tena, anayekula nyama ya mnyama wa nyasi naye husoma kama mla nyasi. Kwa magego kama yale ya Zinj sidhani nyama ilikuwa jambo kubwa, lakini kaboni peke yake haiwezi kuamua.

Ili kupata mazingira, si mlo tu, unahitaji majirani. Watafiti hukusanya meno ya swala, nguruwe, tembo, kiboko na twiga kutoka tabaka moja la udongo. Kama wengi wanasoma nyasi, palikuwa na mbuga. Wakisoma miti, palikuwa na vichaka au msitu. Kisha wanapima oksijeni, ambayo nayo ina nyepesi na nzito. Jua likipiga, maji mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki nyuma. Kiboko anakunywa na kulala mtoni, kwa hiyo meno yake hubeba maji ya mto. Twiga hupata maji yake mengi kwenye majani, na jani juani hupoteza maji mepesi. Nchi ikiwa kavu, tofauti kati ya jino la twiga na la kiboko hupanuka; nchi ikiwa na unyevu, hupungua. Hapo unapima ukame wa zama ambazo hakuna aliyekuwepo kuandika.

Majira nayo yamo. Jino refu la mnyama wa nyasi huota taratibu, mwaka mzima au zaidi. Ukikwangua mistari myembamba kutoka ncha hadi shingo ya jino, oksijeni hupanda na kushuka: masika hii, kiangazi hiki, vuli ile.

Kabla ya kulinganisha Zinj na sisi kuna hesabu moja ya kufanya. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe wa kale, na kaboni yake ni nyepesi. Tangu viwanda vianze kuichoma, hewa ya dunia nzima imekuwa nyepesi kwa karibu sehemu 2 kwa elfu. Mimea inaivuta, sisi tunaila. Kwa hiyo jino la maziwa la mtoto wa Mbagala, lile analorusha juu ya bati, lina chembe ya moshi wa daladala ndani yake, na maabara lazima iutoe moshi huo kwenye hesabu kwanza, ndipo ugali wake uwekwe mezani na nyasi za Zinj.