Kwinini si jina la kila dawa chungu ya malaria

Muulize mgonjwa ni dawa gani ya malaria aliyowahi kutumia, naye atajibu "kwinini". Ukimdadisi unakuta alimeza klorokwini, au pengine primakwini. Kwetu wafamasia tofauti hiyo ina uzito. Kwinini ni dawa moja, ina mti wake, dozi yake na madhara yake, nami nataka jina hilo libaki lake peke yake.

Mti huo ni sinkona, wa milima ya Andes. Carl Linnaeus aliupa jina hilo la kisayansi mwaka 1742 kwa heshima ya mke wa gavana wa Kihispania wa Peru, bibi wa Chinchón, ila akaiacha h ya kwanza, na ndivyo linavyoandikwa hadi leo. Ilisimuliwa kwamba bibi huyo aliponywa homa kwa gome la mti huo, lakini kumbukumbu za kila siku za mumewe hazitaji jambo hilo. Gome lenyewe liliitwa "quina", na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou, walipotenga kiini chake, walilichukua neno hilo wakalitia kiishio kilekile tunachokisikia katika mofini na atropini.

Gome hilo lina pia kwinidini. Atomi zake ni zilezile, kwa idadi ileile. Kinachotofautiana ni jinsi zilivyopangika. Hata hivyo, kwinidini inajulikana zaidi kama dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Kwa hiyo cheti chenye "kwini" halafu mkwaruzo wa kalamu sikihudumii mpaka nimuulize aliyekiandika.

Na hiyo "kwini" ya klorokwini imetoka wapi? Mwaka 1842 Charles Gerhardt alizipasha moto mkali alkaloidi (viini vichungu) za sinkona pamoja na potashi, akapata kimiminika ambacho leo tunakiita kwinolini. Hans Andersag wa kampuni ya Bayer alipotengeneza klorokwini mwaka 1934, kwinolini ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa molekuli yake. Hakukuhitajika gome la mti wowote. Shirika la Afya Duniani sasa hutumia kiishio hicho cha "kwini" kwa dawa za ukoo huo wa kikemia: primakwini, meflokwini, amodiakwini.

Ukoo ni mmoja, ila hatari ni mbalimbali. Primakwini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwinini huichochea kongosho kutoa insulini, sukari ikashuka ghafla, hasa kwa mjamzito na kwa mgonjwa mahututi. Ukitaja moja ukimaanisha nyingine, anayekuhudumia atachunga hatari isiyohusika.

Lisome pia neno linalofuata jina la dawa. "Salfeti" au "dihidrokloridi" ni chumvi iliyounganishwa na kwinini, na chumvi nayo ina uzito wake. Kidonge cha kwinini salfeti cha miligramu 300 kina takriban miligramu 250 za kwinini halisi. Kwa klorokwini pengo ni kubwa zaidi: miligramu 250 za klorokwini fosfeti ni 150 tu za dawa yenyewe. Anayepiga hesabu ya dozi kwa kilo za mtoto bila kujua kipimo kinahesabu dawa pamoja na chumvi au dawa peke yake, anaweza kumzidishia au kumpunja.

Kwa malaria kali, tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano ya atesuneti kwa wakubwa na wadogo. Kwinini hubaki ya akiba pale atesuneti inapokosekana. Wako wanaoimeza kwa ajili ya misuli ya miguu inayokaza usiku. Mimi siungi mkono. Inaweza kupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na mtu akavuja damu, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa dhidi ya matumizi hayo.

Masikio kuvuma, kichwa kuuma na kichefuchefu hutokea mara nyingi kwa watumiaji wa kwinini. Madoa ya damu chini ya ngozi ni jambo jingine: acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na aliyewahi kupatwa na madoa hayo asiiguse kwinini tena, hata kwenye maji ya toniki. Uchungu wa kinywaji hicho ni wa kwinini, na kwa mwili uliokwisha kuikataa, kiasi hicho kidogo kinatosha kumrudisha wodini.