Kitenzi kilichotia bahari damu

Wanafunzi wangu wanaosoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, hukwama palepale: tendo la pili, onyesho la pili. Mfalme Duncan ameshauawa usingizini, lango linagongwa, na Macbeth anaitazama mikono yake iliyolowa damu. Je, bahari yote itatosha kuiosha? Anajijibu kwamba haitatosha. Mkono huu ndio utakaozifanyia bahari kitendo kiitwacho "incarnadine". Hapo kamusi hufunguliwa.

Kamusi itakwambia ni kukifanya kitu kiwe chekundu. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya habari. Neno lilitoka Italia, likapitia Ufaransa, na shina lake ni la Kilatini: nyama ya mwili. Wakristo wanalijua shina hilo kwa mlango mwingine, maana neno la Kilatini tulilolifasiri "umwilisho" limejengwa juu yake. Mwanzoni lilikuwa kivumishi tu, likitaja rangi ya ngozi ya Mzungu, wekundu hafifu wa waridi. Shakespeare, yapata mwaka 1606, alilifanya kitenzi, akalichovya katika damu, na tangu hapo rangi yake ikakolea.

Ndiyo maana siridhiki na tafsiri ya "kupaka rangi nyekundu". Rangi ya kupaka hukaa juu juu. Hapa maji yenyewe yanageuka. Mimi ningesema mkono ule unazinywesha bahari damu.

Hata hivyo, mwanafunzi angesoma mstari mmoja zaidi, asingehitaji kamusi. Baada ya neno hilo zito, Shakespeare anashusha maneno mafupi ambayo hata mtoto wa Kiingereza anayajua: kijani inageuka nyekundu tupu. Mtazamaji aliyesimama uwanjani mwa jumba la maigizo kwa senti yake moja naye alielewa.

Kitenzi hiki hakijatoka nje ya fasihi. Ukikitia kwenye ripoti ya kazi utachekwa. Katika ushairi, mfano maarufu ni Edward FitzGerald, aliyezitoa rubai (beti za mistari minne) za mshairi Mwajemi Omar Khayyam kwa Kiingereza mwaka 1859. Humo ndege anamlilia waridi anywe divai, ili shavu lake lililopauka lipate wekundu. Hakuna mauaji, hakuna majuto. Na hapo neno letu la kufaa ni "kuiva", lile tunalosema kwa embe na kwa macho ya mwenye hasira. Shavu la waridi litaiva vizuri tu. Bahari ya Macbeth haiivi.